Perl Niliyoiruka na Kadi za Zahanati

Kaka Rajabu, mtani wangu,

Shikamoo. Nimeanza na hiyo kwa sababu najua hata huko uliko ungeuliza, "Wagogo siku hizi hawana salamu?"

Ofisi yetu ya kompyuta pale Makole ipo. Kiti chako sikikalii, nasimama kama askari wa zamu mpaka mgongo unauma. Wateja wanachungulia, wakiniona peke yangu wanasema watarudi. Hawarudi. Kutwa nasikia feni ya kompyuta tu. Zamani nilikuwa nakuambia nyamaza nifikirie. Basi umenyamaza.

Msibani nilitakiwa nikutanie, Mgogo wako wa karibu ni mimi. Nilishapanga kujilaza mlangoni nizuie jeneza mpaka ninyi Wanyamwezi mnipe kuku. Ulipotolewa nikasogea pembeni kama mgeni. Mjomba wako akaniangalia. "Mtani gani huyu?" Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, mimi mwenye jibu la kila mtu.

Sasa kazi. Ile programu yako ya kadi za wagonjwa pale zahanati iliendelea kuganda kila siku ikifika saa nane mchana. Ulisema ukipata nafuu utaitazama. Daktari akaniambia, "Yona, mpaka Ijumaa. Ikiganda tena narudi kwenye madaftari." Ndiyo kazi yako ya mwisho, Kaka. Ikitolewa pale, Dodoma nzima hakutakuwa na kitu ulichoandika wewe kinachofanya kazi.

Na diski ya ofisini nayo ilikufa, siku umeme wa mgawo uliporudi kwa kishindo. Programu yako ilibaki kwenye flopi, mengine yote nikayajenga upya. Nikajenga mpaka maktaba ya C, ile ambayo programu zote zinaiegemea. Mimi, niliyeishia kidato cha pili. Siku nzima mashine inasaga, mistari inapita, hakuna lalamiko hata moja. Nikautambia ukuta.

Kisha nikatafuta mtrace, kile kidude cha kuonyesha mahali programu inapoomba kumbukumbu ya mashine na kusahau kuirudisha. Hakipo. Ndipo nikakusikia kichwani, kama ulivyozoea kunifokea: "Weka Perl kwanza, Yona. Kile kidude ni skripti ya Perl. Usipoiweka, maktaba itajengwa vizuri tu, haitakusema. Itakuacha uaibike mwenyewe."

Perl, ile lugha ya kuandikia programu, nilikuwa nimeiruka ili niwahi. Na hiyo ilikuwa Jumatano.

Nikaiweka, nikaanza maktaba tena tangu mwanzo. Alhamisi, imebaki kidogo, umeme ukakatika. Wanasema maji ya bwawa la Mtera yamepungua. Nikakaa na mashine iliyozimika, nikaanza kukutukana, ukoo wako wote. Halafu nikaacha. Kutukana mtu asiyerudisha kunachosha.

Ijumaa asubuhi mtrace ikafanya kazi, ikanitajia mstari wenyewe. Kila kadi ikifungwa, jina la mgonjwa lilikuwa linabaki kwenye kumbukumbu, linarundikana mpaka mashine inashindwa kupumua. Amri moja ya kuachilia haikuandikwa. Na mstari ule ni wako, Kaka, si wangu. Miaka yote ya kunicheka. Nikageuka nikuambie, "Leo nimekukamata, Mnyamwezi wewe." Nikakuta kiti kitupu.

Nikaongeza ile amri, nikaenda zahanati. Saa nane ikapita. Saa tisa. Mpaka wanafunga, kadi zinatoka tu. Yule muuguzi wa dirishani, anayekuita mwanangu, akasema huku anaandika, "Mwambie Rajabu asante." Halafu kalamu ikasimama. Hatukutazamana. Nikamwambia nitakwambia.

Basi, anasema asante.

Pumzika, Kaka. Perl nitaiweka kwanza, kila mara, hata nikikimbizwa. Na jambo moja. Daktari aliuliza lile kosa lilikuwa la nani. Nikamwambia ni langu. Siku akiuliza tena, nitasema hivyo hivyo.

Mtani wako,
Yona