Breki Zilipona Jumanne

Beni, mtaa wa Bungulu, Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika na joto limerudi. Mimi ni mtu wa Butembo, nimezoea ukungu na sweta. Hapa najifuta shingo tangu nilipoamka. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba ya binamu yangu. Mbele yangu dada yangu Kavira anashona pindo la kitenge kwa mkono.

Kwa mkono. Ndiyo maana ninaandika.

Nianze na gari, kwa sababu kuhusu gari najua pa kuanzia.

Jumatatu niliteremka kutoka Butembo na pikapu yangu ya mazutu, yaani dizeli, kongwe kuliko walimu walioshika nafasi yangu shuleni nilipostaafu, nyuma nimepakia viazi vya akina mama wa Masereka. Nikishavishusha hapa, Jumatano ningeingia kwenye msafara unaosindikizwa na askari hadi Eringeti, nimchukue Kavira. Huko watu wanahama, wanakimbia vita. Yeye alikuwa amebaki kwa sababu ya mashine yake ya kushona, ile ya kukanyaga kwa miguu, ambayo pikipiki haiwezi kuibeba. Tangu awe mjane, mashine hiyo ndiyo inayomlisha. Nilimwahidi kwamba nitawaleta wote wawili, yeye na mashine.

Kwenye mteremko mrefu pedali ya breki ikaanza kulegea. Kila nilipokanyaga ilishuka zaidi, mwisho ikagusa sakafu na gari likaendelea kwenda. Nilirudisha gia ya chini, nikalisuguisha gari kwenye ukingo wa udongo, likasimama. Nikangoja. Lilipopoa, pedali ikarudi juu, imara, kana kwamba nilikuwa nimeota. Nikafika Beni polepole, kwa gia ya chini.

Mliosoma fizikia kwangu mtanivumilia. Breki zinapotea kwa namna mbalimbali. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, shuku kwanza pampu ndogo inayonyonya hewa ili kuusaidia mguu. Injini ya mazutu haiwezi kufanya kazi hiyo bila pampu. Hapa Beni mimi na fundi tuliipima: injini imezimwa, kanyaga mara kadhaa, shikilia, kisha washa. Pedali ilizama kidogo chini ya mguu, kwa hiyo pampu ilikuwa nzima. Pedali ikizama polepole hata gari likiwa baridi, basi mipira ya silinda kuu imechoka. Yetu haikuzama. Lakini pedali inayopotea gari likiwa na moto na kurudi likipoa inakuambia kwamba mafuta ya breki yameingia maji. Yananyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Breki zikipata moto, maji hayo yanachemka na kuwa mvuke, na mvuke unakubali kubanwa. Mguu unabana mvuke, magurudumu hayapati kitu.

Moto wenyewe niliuleta mimi. Tangu vita vipandishe bei ya mazutu, sote tunateremka roue libre, gia ikiwa huru, ili kuokoa vikombe vichache. Injini haizuii tena gari, na breki zinabeba uzito wote.

Muhindo, fundi mwenye garaji jirani, alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si wengi wanaoliweza. Kisha akasema, "Mwalimu, gari yako haiko mugonjwa. Ilikunywa tu mayi mingi."

Tulimwaga mafuta ya zamani, tukatia mapya, tukatoa hewa gurudumu moja baada ya jingine. Jumanne alasiri tulilijaribu kwenye kilima, tukikanyaga na kukanyaga mpaka breki zikanuka. Pedali haikushuka. Muhindo akaniambia niache kuteremka bila gia, basi nitafika Eringeti na kurudi. Njia ya huko ni msitu na vilima vidogo, haina miteremko kama ya kwetu.

Njiani kutoka garaji nikasikia watu wanasema njia hiyo imepigwa risasi tena.

Jioni nikampigia Kavira. Nikamwambia breki zimekataa.

"Freni, yaya?" Yaya ni mimi, kaka yake mkubwa; freni ndizo breki.

"Freni."

"Basi bakia. Usijiue juu yangu."

Breki zilikuwa nzima.

Jumatano asubuhi nilikaa hapa kwenye ngazi nikasikia honi za msafara zikielekea kaskazini. Alhamisi Kavira alifika kwa pikipiki. Mapajani alikuwa amepakata droo ndogo ya mashine, yenye mkasi, sindano na uzi. Mashine yenyewe aliifunika shuka, akafunga mlango. Jana jirani yake alipiga simu: nyumba za mstari wao zimechomwa usiku. Kavira akauliza kuhusu mashine, akasikiliza, akasema asante, akakata simu.

Leo Muhindo alipitia kuchukua jeki aliyoiacha. Wanawake wa jirani walikuwa wamekuja kumpa Kavira pole, naye alikuwa anawasimulia. "Yaya alikuwa anakuja," akasema. "Ile freni ndiyo ilimukatalia."

Muhindo akanitazama. Nikatazama chini. Yeye hawezi kulala ikiwa gari limetoka garaji yake na bolti moja imelegea.

"Ndiyo, mama," akasema. "Gari ya zamani, hapana kuitumainia."

Akachukua jeki yake akaenda. Sasa mtaa huu wote unajua kwamba Muhindo alishindwa breki za pikapu moja.

Nimejaribu kujitetea, kwa utaratibu, kama ninavyopima gari. Labda ningekwenda tungeuawa wote wawili. Inawezekana. Labda mzee wa umri wangu ana haki ya kuogopa njia ile. Hata hilo nalikubali. Kavira mwenyewe angelikubali, angenicheka kidogo na kuniita mwoga wa milimani. Lakini kama ningemwambia jioni ile kwamba naogopa, angekuwa na muda wa kutafuta lori kwenye msafara huohuo la kumbebea mashine. Aliningoja mimi, akidhani breki zikipona nitakuja. Mwoga anaweza kusema ukweli, na mimi sikuusema. Nilimpa kipande cha chuma ili nisimpe hofu yangu.

Maisha yangu yote nimeeleza mambo. Hili moja, lenye maneno machache kuliko yote, nimekaa nalo tangu Jumanne.

Anakata uzi kwa meno. Ananiuliza ninaandika nini muda wote huu. Nimemwambia ni mambo ya gari.

Kesho baada ya misa nampeleka Butembo, akae kwangu. Yeye atakuwa pembeni yangu, na droo yake mapajani. Kutoka hapa kwenda kwetu njia inapanda karibu yote, na katika kupanda breki hazina kazi kubwa. Sitakuwa na cha kusingizia.