Mafuta ya Kondoo Kwenye Kiti cha Dereva

Jumatano, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limekaa hewani, hata jua limekuwa jekundu mapema. Mawingu yapo upande wa mlimani lakini hayaji. Siku kama hizi akili yangu haikai mahali pamoja.

Wiki hii nina viti saba vya ngozi kwenye kibanda changu hapa Isiolo, njia ya kwenda Burat. Ni vya Landkruza ya Mama Sahra, nivipake rangi upya. Nimevifungua vyote nikavipanga chini ya mabati, na wapita njia wananitania kwamba nimefungua sinema. Kila nikishika msasa, naondoka. Mkono unasugua hapa, mimi niko Gotu, niko Merti, nimeketi nyuma kati ya magunia ya sukari, natazama migunga ikirudi nyuma mmoja mmoja.

Chini ya kiti kimoja, pale ambapo jua halijawahi kufika, niliikuta rangi ya kwanza ya ngozi. Hudhurungi nzito, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nilichanganya rangi siku nzima mpaka nikaipata hiyo hiyo. Nilijisikia fundi kweli.

Mama Sahra ameliendesha gari hilo miaka mingi, akipeleka bidhaa Merti na kurudi. Kwao ni watu wa malori tangu babu zao, lakini mwanamke wa kushika usukani alikuwa yeye peke yake. Sasa haoni vizuri. Daktari wa macho amemwambia asiendeshe tena, hata kwenda sokoni. Jumamosi binti yake Sahra anakuja kulichukua gari aende nalo Marsabit, anakofanya kazi. Mama anataka mtoto wake akabidhiwe gari lenye viti vizuri, ndiyo maana aliniletea.

Viti sita vimekubali. Cha dereva kimekataa.

Mara ya kwanza nilikipaka vizuri kabisa, asubuhi nikakuta rangi imebanduka vipande vipande. Nikaenda kumgombeza mwenye duka la rangi, nikamwambia ameniuzia maji. Nikarudi, nikakifuta chote kwa spiriti, nikakiacha kilale kikauke, nikapaka tena. Kufika saa sita kilikuwa kinachunika kama mtu aliyeungua na jua. Nilianza kufikiri mkono wangu una kasoro, na wazo hilo lilinitesa.

Mama Sahra huja kila alasiri akishaswali. Nyumba yake iko nyuma ya kibanda changu na njia anaijua bila macho. Anatoa salaam, anakitafuta kiti chake cha dereva kwa mkono, anaketi akielekea barabarani. Mimi huendelea na msasa na safari zangu za kichwani. Jana ndipo nilipomwangalia sawasawa. Alitoa kikopo ndani ya buibui, akachota mafuta kwa vidole, akaanza kukisugua kiti, polepole, pembeni mwa mapaja yake, kisha mgongoni. Mafuta ya mkia wa kondoo. Harufu ile naijua tangu utoto, hata nyanya yangu Mturkana alipaka ngozi zake hivyo hivyo.

"Ngozi bila mafuta inakufa, Akiru," alisema aliposikia nimesimama karibu. "Hiki nimekipaka miaka yote."

Basi nikajua. Hakuna rangi inayoshika juu ya mafuta.

Ningemwambia hapo hapo, mambo yaishe. Sikumwambia. Leo kabla hajaja nilikiingiza kiti stoo nikatia kufuli. Alipofika akapapasa mahali kilipokuwa, mkono ukaenda na kurudi. Nikasema kiko ndani kinakauka. Uongo mtupu, sikuwa nimekipaka chochote.

"Sawa, mwanangu. Kazi ni kazi." Akageuka akarudi kwake.

Wacha niseme yote hapa, ndiyo maana ninaandika. Nilitaka picha. Viti saba, rangi moja, niiweke kwenye ukurasa wangu mtandaoni, watu wa Meru na Nanyuki wajue Isiolo kuna fundi mwanamke. Kwa ajili ya picha nilimnyima mtu siku zake za mwisho na gari lake.

Niliona aibu.

Nilijaribu kuendelea na kazi nikashindwa. Nikafungua stoo, nikakipandisha kiti kwenye mkokoteni, nikakisukuma mpaka uani kwake. Nikamweleza kila kitu: mafuta, rangi, na ule uongo. Akauliza, akiacha kupaka leo, rangi itashika kabla ya Jumamosi? Nikasema ndiyo, nikikisafisha vizuri itashika.

"Basi nitaacha," alisema, akakifunika kikopo chake.

Nikamwambia asiache. Nimeamua kiti hicho kitaenda Marsabit bila rangi, na nitamweleza Sahra mimi mwenyewe, ana kwa ana. Akikasirika anikasirikie mimi. Kesho nitamaliza vile sita, halafu niende kumwomba radhi mwenye duka. Mama alicheka kidogo, akasema Sahra atalalamika gari linanuka kondoo. Nikamwambia atazoea.

Akaketi. Nikachuchumaa kushoto kwake, mahali pa abiria, sijui hata kwa nini. Akanyoosha mikono mbele, akashika usukani ambao haupo, mguu ukatafuta klachi mchangani. Akaniuliza kama nimefunga mkanda. Nikasema nimefunga. Tukaondoka hivyo, upepo usoni, vumbi jekundu kila upande. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, mikono yote ilikuwa kazini.

"Niangalizie mbele," akasema. "Kuna ngamia?"

Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa jirani na kamba ya nguo.

"Wapo, Mama. Wanavuka."

Akakanyaga breki, taratibu, jinsi dereva mzuri anavyokanyaga. Tukangoja mpaka wakapita wote.