Jina la Baba Mkwe Kwenye Kibali cha Maziwa

Alhamisi. Ukungu haukunyanyuka mpaka saa tano, na nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Sijali. Leo nina raha, na raha yenyewe imechanganyika na aibu, kwa hiyo niandike zote mbili kabla sijaanza kujidanganya.

Tangu niolewe katika nyumba hii ya waoka mikate, karatasi zote za tanuri nazijaza mimi. Baba mkwe anajua unga, anajua moto, anajua watu, kusoma hajui. Mimi nilifika darasa la sita, basi kalamu ikawa yangu. Wake wa shemeji zangu wana mashamba ya kabichi, mimi nina kalamu. Naipenda kazi hii kuliko ninavyowaambia watu.

Watu hutucheka. Ng'ombe wamejaa Mlola na Shume, nyinyi mnaagiza maziwa ng'ambo, tena ya unga? Waache wacheke. Biskuti za maziwa mabichi zikikaa wiki moja katika unyevu wa huku zinaota kuvu. Za maziwa ya unga zinafika Rangwi na kukaa mwezi mzima kwenye stoo ya shule ya misheni. Na shule hiyo imetuagiza za muhula mzima.

Lakini maziwa ya ng'ambo hayaingii nchini hivi hivi. Kinatakiwa cheti cha daktari wa mifugo wa huko yanakotoka, kwamba ng'ombe hawakuwa na maradhi na maziwa yalichemshwa sawasawa. Kinatakiwa kibali cha Bwana Mifugo wa hapa bomani, kiombwe kabla mzigo haujapanda meli. Na jina la mwenye mzigo liwe moja kwenye karatasi zote mbili. Haya yote nayajua. Nilimsomea baba mkwe mara mbili, tena kwa majivuno.

Juzi ikaja barua kutoka forodhani Tanga. Makopo yetu yamezuiwa. Cheti kina jina la mtu mmoja, kibali kina jina la mwingine, na huyo mwenye kibali hayumo kwenye leseni yoyote. Yasiposahihishwa kufikia Jumamosi, maziwa yatachomwa moto.

Huyo asiyejulikana ni Baba Zaina.

Ndivyo nilivyoandika kwenye fomu ya kibali. Cheti kilitengenezwa kwa jina lililomo kwenye leseni ya tanuri, jina alilopewa na wazazi wake. Mimi nikamwandika kwa jina la bintiye mkubwa, kama ninavyomtaja kila siku. Kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina lake. Hata ukitumwa kumwulizia sokoni, unazunguka: baba wa fulani, yule mwenye tanuri. Mkono wangu ulifika kwenye nafasi ya jina, ukakataa. Nikajiambia Lushoto nzima inamjua Baba Zaina. Kweli inamjua. Forodha ya Tanga haimjui.

Siku nzima ya juzi barua ilikaa ndani ya khanga yangu. Niliogopa maziwa kuchomwa, lakini niseme kweli, niliogopa zaidi kunyang'anywa kalamu. Shemeji yangu mkubwa hajawahi kuficha kwamba kwake yeye karatasi za serikali si kazi ya mwanamke, na hapa nilikuwa nimempa ushahidi mkononi. Usingizi ulinipaa.

Jana jioni nikaona mficha uchi hazai. Nikamsomea baba mkwe barua neno kwa neno, macho chini. Nilipofika kwenye jina lake nikanyamaza, nikalionyesha kwa kidole. Hakunigombeza. Alikung'uta unga mikononi, akauliza boma linafunguliwa saa ngapi.

Asubuhi hii tukaenda, yeye mbele kwenye koti lake la Idi, mimi hatua tatu nyuma. Karani wa Bwana Mifugo, kijana wa Pangani mwenye kalamu mbili mfukoni, aliigeuza geuza fomu yangu. Akauliza, mtu mwenye mwandiko mzuri hivi anashindwaje jina la mzee wake? Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

"Hakushindwa," baba mkwe akamjibu. "Kaniheshimu. Kosa ni langu, sikumpa ruhusa."

Karani akalegea kidogo. Akasema tamko la kusahihisha lazima liandikwe na yule yule aliyejaza fomu, hapo hapo mbele yake, kwa majina kamili. Akanisogezea karatasi. Nikachovya kalamu, nikaishika juu ya karatasi mpaka wino ukadondoka. Baba mkwe aliona. Akainuka, akatoka barazani, akasimama akitupa mgongo, akitazama milima.

"Andika, mama," akasema bila kugeuka. "Kuandika si kuita."

Nikaandika. Majina yote matatu, na tone moja la wino pembeni.

Bwana Mifugo alilinganisha na leseni, akagonga muhuri. Karani akapeleka telegramu posta yeye mwenyewe. Kabla ya alasiri jibu lilikuwa limerudi: mzigo umeachiliwa, utapanda treni mpaka Mombo, na Jumamosi lori litatupandishia huku juu. Nilisoma jibu hilo mara tatu, kisha nikaketi kwenye gunia la unga, nikalia kidogo. Mtu yeyote akisema nililia sana, ni mwongo.

Shemeji hakukosa. Wakati wa chakula akauliza, kwa upole wake ule wa kuchoma, sasa karatasi ashike nani. Mimi nikaacha kutafuna. Baba mkwe alimaliza tonge lake, akanawa, akaingia chumbani kwake. Akatoka na kisanduku cha bati inamokaa leseni, kile ambacho hata mama mkwe hakifungui, akakiweka mbele yangu pamoja na ufunguo.

"Kikae kwako," akasema. "Uwe unaliona jina langu kila siku, ulizoee."

Shemeji akaomba mchuzi.

Sasa kisanduku kiko chini ya kitanda changu. Kesho naomba kibali cha shehena ijayo, na nafasi ya jina nitaanza nayo.