Bugali Tuliokataa Mumosho

Mujukuu wangu Nsimire,

Huku Cimpunda tuko wazima, ni magoti yangu tu yanabishana na kilima. Maman yako anakusalimia, na ile kuku yako nyeupe imetotoa.

Unaniuliza ubebe nini, kwa kuwa wewe na vijana wenzako munaenda Mwenga kutengeneza maji ya kijiji.

Nilipokuwa na umri wako tulienda Mumosho kuchimba mutaro wa bomba. Tulibeba mikate na sardini zetu, tusisumbue watu. Jioni wamama wa kijiji walituletea bugali na sombe ya majani ya muhogo. Tukasema, "Aksanti, tumekwisha kula." Kesho yake hakuna mutu wa kijiji aliyekuja kuchimba. Tulichimba peke yetu siku mbili, tukiwaita wavivu.

Siku ya tatu maman mumoja muzee akaja na sahani. Akamega bugali, akala yeye kwanza mbele yetu, akasema: "Mumeona? Hakuna sumu ndani."

Niliona haya, mujukuu wangu. Tulikula yote. Asubuhi majembe ya wanakijiji yalijaa mutaroni.

Basi ubebe koti, na dawa ya malaria. Chakula, acha. Ufike na njaa.

Koko wako