Shemeji kaumbuka mbele ya kuku wake

Shoga, acha unachofanya usome hii. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Unajua shemeji, mume wa dada, kakataa katakata mtoto wao apewe chanjo ya surua? Eti katumiwa sauti kwenye kundi la wafugaji, mtu asiyemjua hata kwa sura anasema chanjo inamaliza nguvu za mtoto. Na mtoto wa jirani yuko wodini kwa hiyohiyo surua, kifua kimebana, hata kulia hawezi. Dada halali.

Sasa leo asubuhi shemeji yuko bandani anachanja kuku wasife kwa kideri. Anamshika mmoja mmoja, anamdondoshea tone jichoni huku anambembeleza: "Tulia mama, ni kwa faida yako."

KWA FAIDA YAKO! Kuku, shoga!

Dada kaingia na mtoto mgongoni, kasimama katikati ya kuku wanaosubiri.

"Mama watoto, unataka nini humu?"

"Huyu umemruka."

"Huyo si kuku!"

"Ndiyo bahati mbaya yake. Angekuwa kuku, ungeshamchanja."

Mimi nimejificha nyuma ya gunia la pumba, nimeng'ata mtandio!

Dada mwenyewe hakucheka. Akasema polepole, "Kuku akifa utanunua mwingine."

Shemeji kaweka kichupa chini, kanawa mikono, kamchukua mtoto.

Sasa hivi tuko kliniki. Mtoto kachomwa, kalia kidogo, ananyonya. Anayepepewa na muuguzi ni shemeji.