Shangazi Aliyeingia Uvunguni

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Hapa Rosettenville sote wazima, ila baridi ya Johannesburg haina huruma. Umeuliza kama mdogo wako Idi, ambaye bado hasemi, atapona kwa tiba hii ya kupiga ngoma na mtaalamu.

Nikiwa msichana Tanga, dada yangu Saumu, ambaye hakuwa akisema, alikimbilia uvunguni mwa kitanda siku ya harusi nyumbani kwetu, ngoma zilipoanza, akaziba masikio. Watu walitaka kumvuta.

"Mwacheni, namfuata mimi," shangazi akasema. Akaingia na kanga zake mpya, akagonga sakafu taratibu. Hatimaye Saumu naye akagonga, akacheka.

Saumu hakuwa mgonjwa, mjukuu wangu. Alihitaji mtu wa kumfuata alipo. Jana Idi ndiye aliyeanzisha mdundo, mtaalamu akaitikia. Ungeuona uso wake!

Bibi yako akupendaye,
Mwanahawa