Alivyonificha Mshauri wa Chuo

Mwenzangu, natoka ukumbini pekupeku, nina hasira hizo!

Yule mshauri nasaha wa chuo! Wiki jana nilimweleza, mlango umefungwa, kwamba tangu mitihani ianze nalala na viatu kwa hofu ya kuchelewa.

Leo kasimama mbele ya mwaka wetu wote. “Kuna binti mmoja, simtaji jina, analala na viatu.” Na viatu! Ukumbi ukaangua kicheko, wenzangu wa chumbani wakanigeukia.

Halafu, bila haya: “Ofisini kwangu siri haitoki.” Wakampigia makofi!

Mlangoni kanidaka, anachekelea. “Umeona nilivyokuficha?”

KUNIFICHA!

Nikavivua vyote viwili, nikamsukumia kifuani. “Chukua. Leo ukalale navyo wewe.”